UZI: Udongo hauji na tipa. Watu wa Malindi, Watamu na Lamu ingieni tuelezane

mchimba_visima (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wakuu, na habari za jioni kwa wengine.

Kule kwenye uzi wa viwanja vya nyuma ya Gede kuna jamaa kasema ati mwamba sio tatizo, "udongo unaletwa, tipa mbili tatu kwisha maneno", na watu wakamgongea like za kutosha. Mimi kazi yangu ni visima na mashimo ya choo, mtaimbo na sururu, nimechimba ardhi ya huku kuanzia Msabaha hadi Mambrui na mengi niliyoyakuta chini nilienda kuyatafutia maelezo vitabuni, kwa hiyo hilo neno sikuweza kuliacha lipite. Nafungua uzi wake kabisa. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Tipa inakuletea mchanga, au kifusi, au tabaka la juu la shamba la mtu mwengine. Udongo wenyewe haubebeki hivyo. Udongo mzuri wa shamba ukiupima kwa ujazo, zile chembe za mawe ni kama asilimia 45 tu. Robo ni maji, robo ni hewa, na kile kidogo kinachobaki, asilimia 5 hivi, ndio mabaki ya majani, mizizi, wadudu na vinyesi vyao. Yaani nusu ya udongo ni nafasi, vijia vidogo vidogo vilivyopasuliwa na mizizi na nyungunyungu na mchwa, na ndimo mmea unamopata maji na pumzi. Ukiupakia kwa beleshi na kuutikisa barabarani mpaka ufike, vile vijia vishaporomoka vyote. Utapanda ndio, lakini utakaa misimu ukisubiri viumbe wavijenge upya, na kama chini ni mwamba mtupu hawana hata pa kutokea.

Sasa mwamba wenyewe. Huku kwetu, Watamu, Gede, mpaka Manda kule Lamu, tumekaa juu ya matumbawe, yale mawe yaliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Kama miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, matumbawe yakaota huko, halafu bahari ikashuka yakabaki nchi kavu. Mvua ikinyesha inachukua kaboni dayoksaidi ya hewani inakuwa asidi hafifu sana, na ikishaingia chini inaokota nyingine nyingi zaidi, manake mizizi na vijidudu vya ardhini navyo vinapumua na hewa yao haitoki haraka. Hiyo asidi ndio inakula jiwe. Wachimbaji wenzangu mnajua, unapiga mtaimbo unakutana na jiwe gumu la kufa mtu halafu ghafla mtaimbo unazama wote, kumbe kuna tundu, na ndani ya tundu kuna udongo mwekundu laini unaoshika mkono.

Ule udongo mwekundu ndio hadithi yenyewe. Jiwe la matumbawe karibu lote ni chokaa, na chokaa ikiyeyuka inaondoka na maji, haibaki. Kinachobaki ni ule uchafu kidogo uliokuwa umenaswa ndani ya jiwe, vumbi la mfinyanzi na chuma, pamoja na vumbi lingine linaloletwa na upepo, na chuma ikipata hewa inashika kutu ndio wekundu huo. Kwa hiyo ili upate udongo wa kujaza sufuria moja inabidi jiwe kubwa sana liyeyuke lote lipotee. Ndio maana wazee waliolima mwamba hawakupanda kwa mistari. Walipanda panapokubali, mpapai kwenye tundu hili, mhogo kwenye ufa ule, mnazi pale mwamba ulipoachia, na wewe ukipita unadhani ni uvivu.

Shirika la chakula la umoja wa mataifa, FAO, wanasema sentimita 2 au 3 za udongo zaweza kuchukua mpaka miaka 1,000 kuumbika. Na hao wanaongelea dunia kwa jumla, sio matumbawe ambayo yanabakisha kidogo hivyo.

Ntaendelea na mto Sabaki baadaye, huko ndiko kuna mambo. Kwanza nisikie watu.

tipa_la_kokoto

Mkuu mimi ndio wa tipa na sikufichi, umenigusa 😂. Wateja wananipigia wanataka "udongo mwekundu" wa bustani, mimi napeleka, pesa inaingia, watoto wanakula. Sasa unataka kusema nimekuwa nikiuza hewa? Na mbona kuna mteja wangu Watamu bustani yake inawaka maua mpaka watalii wanapiga picha.

mchimba_visima

Huuzi hewa kaka, hewa ndio unayoimwaga njiani lol. Huyo mteja wako muulize anaweka samadi kiasi gani na anamwagilia mara ngapi. Bustani ya hoteli ni kitu cha kulishwa kila siku. Swali langu kwako ni moja tu, ule mwekundu unauchota wapi?

tipa_la_kokoto

Kule juu upande wa Magarini. Kuna watu wanauza tabaka la juu wakitaka kusawazisha kiwanja.

mchimba_visima

Basi hapo ndipo. Zile ardhi nyekundu za Magarini ni mchanga wa kale mno, mkongwe kuliko haya matumbawe yetu ya ufuoni, na umekaa mvuani muda wote huo. Kila masika maji yakipita yanashuka na chakula cha mimea, kalsiamu, potasiamu, magnesiamu, kinaenda chini mizizi isikofika. Kinachobaki juu ni chembe za mchanga zilizopakwa kutu ya chuma, na nguvu iliyopo karibu yote iko kwenye ile shubiri moja ya juu yenye majani yaliyooza. Mwenye kiwanja anakuuzia hiyo shubiri. Wewe unaichanganya na ya chini beleshi kwa beleshi, na yeye anabaki na kiwanja ambacho hata mbaazi itaota kwa taabu.

Na mtu akitaka kuona ardhi inavyoamua nani aishi wapi aende Arabuko-Sokoke, hapo hapo njia ya Gede. Msitu ni mmoja, ingawa upande wa bara mvua ni chache zaidi, lakini ukiingia penye mchanga mweupe unakuta miti mirefu iitwayo mirihi imeachana achana na mwanga unafika chini, ukifika penye mchanga mwekundu ghafla ni kichaka kizito huoni mbele, na pale kwenye mchanga wa kijivu ni miti mchanganyiko. Ndege pia wanagawana, kuna kibundi mdogo wa Sokoke anayejulikana kukaa kwenye kile kichaka cha mchanga mwekundu. Hakuna aliyepanda mipaka hiyo. Kwa sehemu kubwa ni udongo.

Halafu watu wanaona ile miti mirefu juu ya mchanga mweupe wanasema "ardhi hii ina rutuba, tukate tulime". Ule mchanga hauna kitu. Chakula chote kiko kwenye miti yenyewe, jani likidondoka linaoza, kuvu na mizizi ya juu juu inalinyonya kabla mvua haijalifikia, linapanda tena. Ukikata ukachoma, majivu yanakupa mahindi msimu wa kwanza, wa pili unaona ule unjano, wa tatu unatafuta pengine pa kukata.

mama_bustani

Jamani mimi ni mtu wa Watamu, niko juu ya huo mwamba wenu. Mlimau wangu majani ya juu yanageuka manjano lakini mishipa inabaki kijani kabisa, yaani unaona mchoro wa jani. Jirani akaniambia weka majivu ya jikoni, nimeweka, naona ndio kwanza unazidi. Ni ugonjwa ama ni huo udongo?

mchimba_visima

Mama pole, acha majivu leo leo. Huo unjano wa majani machanga mishipa ikibaki kijani mara nyingi ni mti umekosa chuma. Na sio kwamba chuma haipo, si umeuona ule wekundu? Ipo tele, ila kwenye ardhi ya chokaa inashikwa hivi kwamba mzizi hauwezi kuinyonya. Zinki nayo ni hivyo hivyo. Majivu yanafanya kazi ile ile ya chokaa, unaongeza palepale penye shida. Majivu yanafaa wale wenye ardhi chachu, sio sisi wa matumbawe.

Weka mboji nyingi, majani makavu, samadi iliyooza ikapoa, funika shina kwa matandazo lakini yasiguse gome. Mabaki yakioza yanatoa asidi zake na yanaishika chuma kwa namna ambayo mzizi unaiweza. Haitakuwa kesho. Ukitaka haraka kuna ile chuma ya dukani ya kunyunyizia majani, uliza duka la pembejeo, lakini hiyo ni ya kutibu jani tu, chini hujagusa.

kijana_wa_gede

Naheshimu somo lakini mbona mimi nina ushahidi tofauti. Magofu ya Gede, mji ulihamwa miaka ya 1600 huko, na mtafiti wa mambo ya kale James Kirkman alipokuja kuchimba kuanzia 1948 alikuta nyumba zimefukiwa na msitu umepanda juu yake. Miaka mia tatu na ushee tu hiyo! Sasa hizo sentimita mbili kwa miaka elfu ziko wapi? Mbona pale udongo ulijitengeneza chapchap?

mchimba_visima

Swali tamu sana hilo, na wewe ndio umesoma uzi. Angalia kilichozifukia. Nyumba za Gede zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa. Paa likianguka, ukuta ukianguka, ndani ya chumba pamejaa kifusi. Hicho ndicho Kirkman alikuwa akikitoa kwanza. Juu yake yakaja majani ya msitu, vinyesi vya popo na nyani, vumbi, mchwa wakipandisha mfinyanzi kutoka chini. Kwa hiyo sehemu kubwa ni jiwe lililoanguka, halijaumbika kutokana na mwamba wa chini.

Ila umegusa jambo moja la kweli kabisa. Lile tabaka jeusi la juu, la majani, linaweza kujengeka haraka, ndani ya umri wa mtu hata, maadamu kuna miti na hakuna anayefagia wala kuchoma. Kinachochelewa ni ile sehemu ya mawe, mfinyanzi na chembe laini. Na mizizi ya ile miti ya Gede iliyokumbatia kuta ndio inafanya kazi hiyo sasa hivi, inaingia kwenye nyufa, inapanua, inatoa asidi, inamega. Mzizi ni mtaimbo wa polepole.

mwalimu_mstaafu

Naomba nichomekee kidogo. Mrusi mmoja, Dokuchaev, miaka ya 1880 ndiye aliyewafungua watu macho kwamba udongo ni kiumbo chenye historia yake na sio jiwe lililosagika tu. Kisha Hans Jenny, Mswisi aliyefanya kazi California, mwaka 1941 akaweka mambo matano yanayouumba: jiwe mama, hali ya hewa, viumbe, mwinuko wa mahali, na muda. Hapa pwani mvua yetu haitofautiani sana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini jiwe mama linabadilika kila ukivuka barabara, ndio maana mashamba ya jirani wawili hayafanani.

Na msisahau walio ndani. Gramu moja ya udongo mzuri, hata kijiko cha chai haijai, ina bakteria wanaofika bilioni. Wanafunzi wangu hawakuwa wakiamini mpaka niwaambie habari ya dawa ya kifua kikuu. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyokiweza kifua kikuu, ilipatikana 1943 kule Marekani kutoka kwa kijidudu cha udongoni, Albert Schatz ndiye aliyekuwa maabara na Selman Waksman ndiye mkubwa wake, na wakaja kugombana vibaya mahakamani kuhusu sifa. Harufu ile ya mvua ya kwanza ikigonga ardhi kavu, sehemu kubwa inatokana na jamaa wa hao hao vijidudu.

mtu_wa_shela

Yakhe mmeisahau Lamu kama kawaida yenu. Sisi hapa mtanga ndio unaotunwesha mai. Ile milima ya mtanga ya Shela watu wa nje wanaona pahali pa kupiga picha za harusi, kumbe mui mzima wa Lamu wategemea visima vya pale.

Naandika kwa lugha ya wote msije mkasema siwaelewi. Mvua ikinyesha Shela haitiririki, mchanga unaimeza yote palepale, inashuka inachujwa, na ikifika chini haiendi mbali, inaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu maji matamu ni mepesi. Kanuni waliyoigundua wazungu wawili zamani ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Sasa pindua hesabu: ukipunguza mita moja kwa kupampu ovyo, umeialika bahari ipande mita 40. Ndio maana mtu akijenga jumba juu ya mchanga, na choo chake, na mtu mwengine akichota mchanga wa kujengea, sisi tunagombana naye. Sio roho mbaya.

Halafu angalieni pale mchanga unapoanza kuwa kitu kingine. Chini ya milima, upande wa bahari, kuna yale majani mazito yatambaayo yenye maua ya zambarau. Hayo ndiyo ya kwanza. Yanatupa kamba juu ya mchanga, kila fundo linashusha mzizi, mchanga ukiletwa na upepo wa kusi unanasa hapo, majani yanaoza, nyasi ndefu zinafuata, kisha vichaka. Ukichimba kwa mkono chini ya kichaka unakuta mchanga ushakuwa wa kijivu na unashikamana kidogo, hatua mbili pembeni bado ni mweupe unamwagika. Punda wakipita pita hapo, na buti, na pikipiki za magurudumu manne, unarudi mwanzo.

kijana_wa_gede

Na mikoko? Babu yangu alikuwa wa boriti. Lile tope la mikoko ni jeusi tii, si lingekuwa shamba bora dunia nzima?

mtu_wa_shela

Ami usijaribu. Watu wamejaribu sehemu nyingi duniani wakaliacha. Tope lile halina hewa ndani, ndio maana mchu, aina ya mkoko, unatoa vile vijiti vya kupumulia juu na ukikanyaga inatoka harufu ya mayai viza. Weusi ule mwingi ni chuma iliyooana na salfa. Maadamu liko chini ya maji ya bahari limetulia. Ukilizungushia tuta ukalikausha, hewa inaingia, ile salfa inageuka kuwa asidi ya salfuriki, ile ile ya betri za gari. Udongo unakuwa mchachu kiasi kwamba hakuna kinachoota, na mvua ikija asidi inashuka mtoni inaua samaki. Tope la mikoko kazi yake ni kuweka mabaki yasioze, kaboni inakaa humo mamia ya miaka. Liacheni na kaa wake.

mchimba_visima

Ahsante mtu wa Shela, hapo umenifundisha. Sasa nije kwenye Sabaki kama nilivyoahidi, manake hili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kila mtu wa Malindi anajua, mvua zikipiga bara, siku chache baadaye bahari mbele ya mji inabadilika kahawia, wenye mahoteli wananuna, na wavuvi wanahamia kwenye maji meupe. Tumezoea tunasema "Sabaki imekuja". Kilichokuja ni nini? Ule mto unaanzia milima ya karibu na Nairobi, unaitwa Athi, unapita Ukambani, ukishakutana na mto Tsavo unakuwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Ni wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Kwa hiyo lile tope ni tabaka la juu la mashamba ya watu, ile shubiri niliyoiongelea, kutoka Kiambu, kutoka Machakos, Makueni, Kitui, na njiani Tsavo pia inachangia.

Mchanga mzito unatua mdomoni, mawimbi yanausambaza, upepo wa kusi unaupandisha, ndio ile milima ya mchanga ya kuelekea Mambrui. Ufuo wa mbele ya mji nao umesogea baharini, wazee wanakumbuka maji yalikuwa yanapiga wapi. Lakini chembe laini, mfinyanzi, ambazo ndizo zinazoshika mbolea, hizo zinaelea zinaenda kufunika matumbawe. Mara mbili hasara: shamba limezipoteza na samaki wamezipata wasikozitaka.

Na hii habari imeandikwa humo humo baharini. Matumbawe yanaongeza tabaka kila mwaka kama mti. Watafiti walikuja wakatoboa tumbawe moja la hapa Malindi lenye umri wa kama miaka 300, wakapima madini ya bariamu ndani ya kila tabaka, matokeo yakatoka 2007, mtafiti mkuu Dominik Fleitmann. Kwa nini bariamu? Kwa sababu inasafiri imegandama kwenye chembe za udongo, na chembe zikikutana na maji ya chumvi inaachia, tumbawe linaimeza. Bariamu nyingi maana yake udongo mwingi umeshuka mtoni mwaka huo.

Walichokiona: tangu 1700 mpaka 1900 mstari umetulia, karibu hauyumbi. Miaka 200 nzima, na mvua kubwa zilikuwepo na ukame ulikuwepo. Kuanzia 1900 unapanda bila kurudi. Kilele ni kati ya 1974 na 1980, mara tano mpaka mara kumi ya kiwango cha asili, baada ya ule ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 70, ardhi imebaki uchi halafu mvua ikaikuta hivyo. Mimi nilipoisoma hiyo nilikaa kimya kidogo. Reli imefika, ardhi nzuri imechukuliwa na walowezi, watu wamesukumwa kwenye miteremko, misitu imekatwa, watu wakaongezeka, na tumbawe la Malindi limekaa linaandika tu.

nahodha_mstaafu

Kwa hiyo ni wabara wanatuharibia bahari. Si ndio unavyosema kwa adabu?

mkamba_wa_malindi

Mzee wangu nahodha, shikamoo, mimi ni huyo mbara na naishi hapa Malindi, naomba nijibu kabla moto haujawaka.

Kwetu Machakos miaka ya 30 wakoloni walikuwa wakiita ni ardhi iliyokwisha. Dawa yao ikawa kunyang'anya ng'ombe, ati ni wengi wanamaliza nyasi. 1938 wazee wetu wakatembea mpaka Nairobi kugoma, Muindi Mbingu akiwaongoza, na serikali ikalazimika kurudi nyuma. Kilichookoa ile milima baadaye ni matuta, na mengi watu walichimba wenyewe. Fanya juu tunaita. Unachimba mtaro ukifuata usawa wa mlima, sio kushuka nao, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu. Pale juu ya tuta unapanda nyasi za ng'ombe. Mvua ikija udongo unaoteremka unagonga tuta unabaki shambani kwako, na miaka ikienda ule mteremko unajigeuza ngazi. Hilo neno fanya juu sasa hivi wataalamu wa dunia nzima wanalitumia hivyo hivyo.

Bado tope linashuka, sikatai. Pembeni mwa barabara, machimbo ya mchanga mitoni, makaa. Lakini usiseme watu wamelala.

nahodha_mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Na makaa yenyewe tunayapikia sisi huku.

mchimba_visima

Umemaliza mzee. Na sisi wenyewe hapa tuna yetu, nendeni Marafa mkaone Nyari, lile korongo la Hell's Kitchen. Watalii wanaona rangi, mimi naona mvua na upepo zikifanya kazi kwenye mchanga wa kale usio na mizizi ya kuushika. Ile ni ya asili, sawa, lakini ndivyo ardhi inavyoenda ikiwa uchi.

tipa_la_kokoto

Mkuu nimesoma yote mpaka chini. Sasa nipe kitu cha kufanya, sio kunitia huzuni. Nina kipande changu cha mwamba, nataka nipande miembe mitatu na mpera. Nisitumie tipa yangu mwenyewe?

mchimba_visima

Tumia kubebea samadi 😂. Tafuta matundu ya asili kwanza, gonga gonga na mtaimbo usikie pasipolia jiwe, usilazimishe pale gumu. Shimo ukilipata lipanue, hakikisha maji yanatoka chini, jaza maji jioni uangalie asubuhi, yakiwa bado yamesimama hapo mwembe utaoza mizizi. Ule udongo mwekundu uliotoka shimoni usiutupe hata kidogo, huo ndio mali, changanya na mboji na samadi iliyopoa, rudisha. Pembeni panda kunde au mbaazi, mizizi yake ina vile vifundo vyenye bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani, ukishavuna majani na mashina yaache palepale. Usichome kitu. Ukichoma, nitrojeni na salfa zinaondoka na moshi unabaki na majivu, na majivu tushaongea na mama.

Vichuguu vikitokea usivimwagie dawa mbio. Mchwa wanapandisha mfinyanzi kutoka chini kuja juu, kazi ambayo wewe ungelipa vibarua. Linda miche tu wasiikate, weka majani makavu mbali kidogo na shina wapate cha kula.

mtu_wa_shela

Samadi ya punda je? Maana hapa Lamu hiyo haina bei, asubuhi vichochoro vimejaa.

mchimba_visima

Nzuri, ila punda hasagi chakula sawasawa na ng'ombe, mbegu za magugu zinapita nzima. Ilundike, ilowanishe, ifunike, igeuze mpaka ishike joto kali katikati halafu ipoe yenyewe. Ukiingiza mkono bado kuna moto usiipeleke kwenye mche.

mama_bustani

Swali la mwisho kwangu, yale majani ya bahari na mwani yanayotupwa ufuoni naona watu wa hoteli wanayafagia kutupa. Yanafaa kwenye mlimau wangu ama chumvi itauua?

mchimba_visima

Yanafaa mama, yana potasiamu nzuri. Yatandaze mahali mvua inafika, sio chini ya paa, masika moja yaoshwe chumvi, ndipo uyachanganye kwenye lundo la mboji pamoja na majani makavu. Usichukue yote ufuoni lakini, yale yaliyolala pale juu kwenye mstari wa maji ndiyo yanayonasa mchanga usiondoke. Chukua yale ambayo hoteli wameshayafagia, waombe tu, watakushukuru kwa kuwapunguzia kazi.